Simu isiyopokelewa nayo ni jibu

Hotuba ya muuguzi mmoja, mwanachama wetu, kwenye mkutano mkuu wa chama, Baraka. Tumeiandika namna alivyoisema. Tumeondoa tu vicheko na maneno yaliyorudiwa.

Nimepewa nusu saa. Katibu ameweka saa yake mezani, na mimi namjua vizuri, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Kuna barua mbele ya komite. Marafiki zetu wamesikia kwamba kati yetu kuna watu wengi wenye mapafu mabovu, na kwamba wanakaa mbali na hospitali. Wanataka kutusaidia tuwafuatilie wagonjwa hao wakiwa nyumbani. Katika barua wanapendekeza kila mgonjwa apewe tableti ya kugusa, na pamoja nayo oksimeta, kile kipimo kinachobanwa kwenye kidole. Mgonjwa anapima kila asubuhi, namba inaenda yenyewe kwa intaneti, na muganga anaiona akiwa mbali. Komite imeniomba niseme ninachofikiri, juu nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, kule kambini Tanzania na hapa kwetu.

Nitasema wazi, na wafadhili wasichukie. Nawashukuru sana. Fikra yao ya kumfuatilia mgonjwa akiwa kwake ni nzuri, na hata sisi tumekwisha kuianza kidogo. Lakini naomba makuta yale yale yatumike kwa njia nyingine. Nieleze.

Kwanza tujue tunazungumzia wagonjwa gani. Si wa kifua kikuu. Huyo ana dawa zake za miezi sita na ana programu yake. Na kila mtu anayekohoa zaidi ya wiki mbili anapaswa kwanza kupima makohozi, kabla hatujaandika jina lake kwenye daftari lolote. Mimi nazungumzia wale ambao ugonjwa wao hautaisha. Kuna wenye asma. Kuna waliopona kifua kikuu kabisa, vipimo ni safi, lakini mapafu yalibaki na makovu na hayakurudi kama zamani. Kuna vijana waliorudi Misisi ao machimbo mengine wakiwa wamekula vumbi la mawe, na wamama wanaotwanga yale mawe kutafuta dhahabu. Na kuna wale wa ugonjwa ambao kwa kifaransa unaitwa BPCO: njia za hewa zimekuwa nyembamba, zimejaa makohozi, na pumzi inaingia lakini kutoka ni kazi.

Kule Ulaya BPCO ni ugonjwa wa wavuta sigara. Hapa kwetu nao wapo, lakini angalieni kando ya ziwa. Ni mama gani amepika na kuni na makala miaka thelathini ndani ya jikoni isiyo na dirisha? Ni nani anabanika mikeke juu ya moshi tangu alipokuwa msichana, mchana kutwa, na mtoto mgongoni? Hao hawajavuta sigara hata moja. Shirika la Afya Duniani linasema ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5 duniani mwaka 2021, na kwamba kati ya wanaokufa nao kabla ya kufika miaka 70, karibu 90 kwa 100 wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Nchi kama yetu. Ila huku kwetu hausemwi. Mtu anakohoa, jirani anasema ni kifua kikuu, ao anasema amerogwa, basi anajificha.

Ugonjwa huu una tabia moja ambayo ndiyo inatuleta kwenye jambo la simu. Hauendi kwa mstari ulionyooka. Mgonjwa anakaa wiki nyingi akiwa vilevile, anapumua kwa shida yake aliyoizoea. Halafu inakuja siku kifua kinachafuka. Pengine ni mafua madogo, pengine ni vumbi la kiangazi, pengine ni moshi wa msiba ambako amepika siku tatu. Ndani ya siku mbili tatu anashuka. Kila mchafuko wa namna hiyo unaweza kuacha mapafu yamepungua kidogo, yasirudi pale yalipokuwa. Na mkimkamata siku ya kwanza ao ya pili, mara nyingi inatosha pompi ya salibutamoli na vidonge vya siku chache. Utafiti wa Uswisi uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kwa mchafuko wa BPCO, siku tano za vidonge vya prednisoni zinafanya kazi sawa na siku kumi na nne. Siku tano! Hivyo ni vidonge vya kushika katika kiganja kimoja. (Nasema kwa mkono wa muuguzi ao daktari, si kununua sokoni na kujinywea. Prednisoni ya kujinywea imeharibu watu.) Mkimkamata siku ya sita, tunazungumzia oksijeni, mtumbwi wa kukodi usiku, ama pikipiki na watu wawili wanamshikilia mgonjwa nyuma, na pengine tunazungumzia jeneza.

Kwa hiyo kazi yote ya kumfuatilia mtu kwa mbali ni kuzijua zile siku mbili za mwanzo. Ni hilo tu.

Sasa, je, mashine inazijua? Wazungu wamejaribu kwa uangalifu, na matokeo yao yanatufaa. Uingereza walifanya jaribio kubwa kwa watu 3,230 wenye kisukari, moyo dhaifu na BPCO, katika maeneo ya Cornwall, Kent na Newham. Nusu walipewa vifaa nyumbani. Matokeo yalitoka 2012: waliopewa vifaa walikufa wachache zaidi na walilazwa mara chache zaidi. Watu wakafurahi. Lakini walipopiga hesabu ya gharama mwaka uliofuata, waliona makuta yaliyotoka ni mengi mno kwa faida iliyopatikana.

Mwaka huo huo wa 2013, Edinburgh kule Scotland, wakatoa jaribio lingine. Hili ndilo naomba komite ilitie maanani. Walichukua wagonjwa 256 wa BPCO tu, ambao walikuwa wamewahi kulazwa. Wote walipata huduma nzuri ileile: wauguzi walewale, maelezo yaleyale, dawa za akiba nyumbani. Tofauti moja tu: nusu yao waliwekewa mashine ya kugusa na oksimeta, wakawa wanatuma majibu yao kila siku. Mnajua ilikuwaje baada ya mwaka? Hakukuwa na tofauti. Siku za kukaa kabla ya kulazwa zilikuwa sawasawa pande zote mbili. Watafiti wenyewe walisema pengine kilichosaidia katika majaribio ya zamani hakikuwa kifaa, kilikuwa ile huduma iliyokuja nyuma ya kifaa.

Mimi nikisoma hivyo naelewa hivi: mahali palipo na muuguzi anayejibu, mashine inaongeza kidogo sana. Na mahali pasipo na muuguzi anayejibu, mashine inatuma namba kwa nani? Nimewahi kuona kituo kimoja, sitakitaja, kina oksimeta mpya ndani ya sanduku lake, na kabati la dawa halina hata pompi moja. Walimpima mzee, wakamwambia oksijeni iko chini, wakamrudisha nyumbani na hiyo habari.

Niseme kitu juu ya hiyo oksimeta, maana sitaki mtu aondoke hapa akifikiri naikataa. Ni kitu cha ajabu. Fikra yake ilitoka kwa mjapani mmoja, Takuo Aoyagi, miaka ya 1970. Inapitisha mwanga ndani ya kidole na kusoma namna damu ilivyobeba oksijeni. Mtu mwenye mapafu mazima, hapa kando ya ziwa, anapata 95 na kupanda. Lakini ina mambo yake. Kidole kikiwa baridi inadanganya. Rangi ya kucha inaidanganya, na hina pia, kwa hiyo wamama mfute kwanza. Unapaswa kungoja namba itulie, si kusoma ile ya kwanza. Halafu kuna jambo la ngozi yetu. Desemba 2020, waganga wa Michigan, Marekani, walilinganisha namba za oksimeta na damu yenyewe iliyopimwa maabara. Walikuta kwamba pale kifaa kiliposema oksijeni ni nzuri, 92 hadi 96, kati ya wagonjwa weusi karibu 12 kwa 100 walikuwa chini kabisa katika damu, chini ya 88. Kwa wazungu ilikuwa karibu 4 kwa 100. Maana yake kifaa kinaweza kutuambia «mzuri» na mtu anazama. Ndiyo maana nakataa mpango wowote ambao namba ya kidole peke yake ndiyo inaamua nani apigiwe simu.

Na jambo lingine: kuna wanachama wetu waliorudi milimani, upande wa Itombwe na Minembwe. Kule juu hewa ni nyepesi, mtu mzima kabisa anaweza kusoma chini kidogo kuliko sisi wa huku. Kwa hiyo namba haina maana bila kujua namba ya kawaida ya mtu yuleyule akiwa katika siku zake nzuri.

Basi tunamfuatilia na nini? Na maswali. Msicheke, ni maswali ya kitaalamu. Mwaka 1987, daktari Anthonisen na wenzake kule Winnipeg, Kanada, walichapisha kazi yao juu ya michafuko ya BPCO, na mpaka leo waganga wanatumia alama zake tatu. Je, pumzi imekuwa fupi kuliko kawaida yako? Je, makohozi yameongezeka? Je, makohozi yamebadilika rangi, yamekuwa ya njano ao ya kijani? Mgonjwa akiwa na mbili kati ya hizo, na moja ni ile ya rangi, mara nyingi kuna uchafu wa bakteria ndani. Hakuna umeme katika maswali hayo. Hakuna intaneti. Yanapita ndani ya simu ya kitochi.

Lakini kuna mtego, na hapa ndipo nataka kukaa kidogo, maana mtego huu haumo ndani ya vitabu vya Edinburgh. Ni mtego wa lugha yetu.

Tangu masika yaliyopita, mimi na reko wawili tumekuwa tunapigia simu wagonjwa wachache, kwa vocha zetu. Kuna mama mmoja anayebanika samaki. Nilimpigia, nikasema, «Mama, habari ya kifua?» Akajibu, «Nzuri, muganga. Tuko salama.» Siku mbili baadaye alikuja amebebwa. Alinidanganya? Hapana. Alinisalimia! Kwetu ukiulizwa habari, unasema nzuri, hata nyumba ikiungua unasema nzuri halafu ndiyo unaanza kueleza moto. Na mama mtu mzima hawezi kumlalamikia kijana kwenye simu, tena vocha ni ya mwenzake.

Ndiyo maana reko wangu sasa hawaulizi habari. Wanasalimia vizuri, kama heshima inavyotaka, wanauliza watoto, wanauliza shamba, kisha wanauliza mambo ambayo hayana «nzuri» ndani yake. «Mama, maji ya leo umechota mwenyewe ao umemtuma mtoto?» «Usiku umelala chini ao umekaa?» «Kutoka nyumbani mpaka kanisani umesimama mara ngapi?» «Kile ulichotema asubuhi kilikuwa cha rangi gani, kama maji ao kama kiini cha yai?» Yule mama wa samaki, mara ya pili kifua kilipochafuka, alituambia tu kwamba sokoni amemtuma mjukuu. Mjukuu! Yeye ambaye hamwachii mtu meza yake. Reko akanipigia palepale. Tulimtibu akiwa kwake.

Kitu cha pili tunachofuata ni kuhesabu pumzi. Mtoto wa nyumbani anaweka mkono mgongoni mwa mgonjwa, mimi nashika saa upande huu wa simu, nasema «anza», na baada ya dakika nzima nasema «basi». Anahesabu kupanda tu. Mtu mzima aliyetulia anapumua kama 12 mpaka 20. Akifika 25 nafunga daftari na kuanza kupanga safari. Afadhali mgonjwa asijue kwamba anahesabiwa, maana akijua anabana pumzi. Na unasikiliza sauti: kama anakata neno katikati ili avute hewa, hauhitaji namba yoyote. Wengine wananiuliza juu ya midomo kuwa ya bluu. Kwa ngozi yetu msiangalie midomo kwa nje, mfunulie mdomo, angalieni ulimi na ufizi. Mgonjwa akianza kuchanganya maneno ao kusinzia mchana katikati ya mazungumzo, msinipigie kwanza mimi. Tafuteni chombo, mnipige mkiwa njiani.

Kitu cha tatu, ambacho ndicho nakipenda kuliko vyote, ni simu isiyopokelewa. Ile mashine ya kwenye barua, mgonjwa asipotuma namba, inaandika kwamba hakuna namba. Inangoja. Sisi tumejiwekea sheria: tunapiga Jumatatu na Alhamisi. Simu ikilia bila kupokelewa, tunarudia jioni. Ikikosa tena, reko anaenda kwa miguu, kesho yake asubuhi, haidhuru ni siku gani. Mara nyingi ni kitu cha bure: rezo imepotea, simu haina chaji, mtoto mkubwa amechukua simu amekwenda nayo Misisi. Lakini papa mmoja wa upande wa kusini hakupokea mara mbili, na reko alipofika alimkuta amekaa ameegemea nguzo ya nyumba tangu usiku, hawezi kulala, hawezi kusema, na simu iko mezani, mbele yake, hatua nne. Hatua nne zilikuwa mbali. Yule papa yuko hai. Leo hakuja juu ya mvua, lakini ametuma salamu na anadai nimsalimie Prezida kwa jina.

Wale waliokaa Lugufu na Nyarugusu hawawezi kushangaa. Mnakumbuka wahudumu wa afya waliokuwa wanapita kijiji kwa kijiji mle kambini, na daftari chini ya kwapa? Ukikosa kliniki leo, kesho mtu yuko mlangoni. Wengine mlikuwa mnajificha! Tulipoanza kurudi, tangu meli za mwishoni mwa 2005 kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka, tulipata nchi yetu, tulipata ardhi ya baba zetu, lakini yule mtu wa mlangoni tulimwacha ng'ambo ya ziwa. Huku kila mtu amejenga mahali pake, mmoja Lweba, mmoja Kazimia, mmoja ndani kabisa Lulimba. Mzee wa mapafu akinyamaza, nani anajua kama amenyamaza?

Sasa nizungumze makuta, kwa kuwa wafadhili wanasubiri kusikia hilo, na ni haki yao.

Tunahitaji oksimeta, ndiyo, lakini moja kwa kila reko, si moja kwa kila nyumba. Ziwe za aina nzuri, na kila moja ilinganishwe na ile ya hospitali kabla ya kuanza. Reko anaenda nayo anapotembelea, anaandika namba ya mgonjwa katika siku zake nzuri, ili siku mbaya tuwe na cha kulinganisha. Namba ikishuka tatu ao nne chini ya kawaida yake, hiyo ni habari. Ikibaki nzuri lakini mgonjwa anasema anashindwa, tunamwamini mgonjwa.

Tunahitaji vocha. Tunahitaji paneli ya sola katika kila eneo, ya kuchajia simu za wagonjwa bure, maana mtu hawezi kulipa kila wiki kwa mwenye jenereta ili apigiwe simu na muuguzi. Tunahitaji kitu kidogo kwa reko. Hapa najua kuna wanaosema reko ni kujitolea. Kujitolea siku moja ni rahisi. Kujitolea kila Jumatatu na kila Alhamisi, na kutembea saa tatu asubuhi ya mvua kwenda kuona kama simu haina chaji, hiyo ni kazi, na kazi ina malipo. Tunahitaji sanduku la nauli, la mtumbwi na pikipiki, ambalo reko anaweza kulifungua usiku bila kungoja sahihi tatu za komite. Bwana Prezida, naona umenitazama. Tutaongea.

Na zaidi ya yote, dawa. Pompi za salibutamoli zisikosekane hata mwezi mmoja, na kwa wenye asma zile pompi za kuzuia, za kila siku, ambazo bei yake ni kali zaidi na ndizo zinaokoa. Mgonjwa akishapata pompi, dawa nyingi inabaki mdomoni kama hajui kuivuta. Kwa hilo hatuhitaji mfadhili. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999, kwa watoto wenye asma, kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa chini kwa umbo la mdomo wa pompi, inafanya kazi sawa na kile kifaa cha dukani. Unachomeka pompi katika tundu, unaweka midomo kwenye mdomo wa chupa, unaminya, unavuta polepole. Chupa za maji zimejaa barabarani. Baada ya mkutano nitawaonyesha pale nje, nimekuja na kisu na chupa sita.

Ombi langu lingine kwa marafiki zetu ni muda. Barua inasema miezi sita ya majaribio. Ugonjwa huu ni wa maisha. Mkituzoesha mgonjwa kupigiwa simu kila Jumatatu kisha mkakata, tumemfanyia ubaya kuliko asingeanza, maana atakuwa amekaa anangoja simu badala ya kutembea kwenda kituoni. Afadhali wagonjwa wachache kwa miaka miwili kuliko wengi kwa miezi sita. Nimependekeza kwa komite tuanze na ishirini, katika maeneo ambayo reko yuko tayari na ambako muuguzi wa kituo amekubali kupokea simu zetu. Asipokubali, tusianze hapo. Simu ya reko isiyo na muuguzi upande wa pili ni ileile tableti.

Kuna swali ambalo mzee mmoja aliniuliza jana jioni, na ni zuri: itakuwaje tukikimbia tena? Hatupendi kulisema lakini kila mtu hapa analifikiri. Wagonjwa hao hawakimbii vizuri. Kwa hiyo kila mmoja atakuwa na kadi yake ndani ya plastiki, kama tulivyotunza kadi ya posho kule kambini, iliyoandikwa ugonjwa wake, dawa zake, namba yake ya kawaida ya oksijeni, na simu mbili: ya reko na ya mtu wa familia aliye mahali pengine. Mahali popote atakapofika, muganga asiyemjua ataweza kuanza. Daftari kubwa la chama litakuwa na nakala kwa watu wawili wanaokaa sehemu tofauti. Na majina hayo ni siri. Sitaki kusikia sokoni kwamba fulani «yuko katika daftari la mapafu». Jirani akiuliza kwa nini reko amekuja, reko amekuja kusalimia.

Juu ya moshi sisemi mengi leo, maana ni hotuba nyingine. Niseme tu kwamba hakuna simu itakayomsaidia mama anayekata simu na kurudi kuinama juu ya moshi uleule. Toeni jiko nje pale mvua inaporuhusu, tobueni ukuta juu ya mafiga, kausheni kuni vizuri. Kwa wabanikaji wa samaki, komite ya wamama inazungumza juu ya tanuru zenye bomba la kutolea moshi juu. Mimi nitawaunga mkono siku watakapoleta hesabu yao.

Katibu ananionyesha saa. Wenye mgonjwa nyumbani, wa kifua cha muda mrefu, waje kwake kabla ya kuondoka. Msimletee jina tu. Mlete namba ya simu inayopatikana, na kama mgonjwa hana simu, namba ya jirani anayekaa karibu kiasi cha kusikia akiitwa. Mwambieni pia ni lugha gani mgonjwa anaisikia vizuri, maana mama mkubwa anayesema Kibembe tu hatutampigia kwa Kiswahili. Reko wanaotaka kujaribu wabaki, tutahesabiana pumzi.